Mjadala: gari la kambi lishuke mchangani au libaki juu?

Nianze mimi. Siku hizi kila likizo vijana wanafunga hema juu ya keria, wanapakia madumu ya maji na jiko la gesi, wanapita Konde, wanapenya msitu wa Ngezi mpaka ufukwe wa Vumawimbi, huku Pemba. Raha yao naijua, nami nalala huko. Ugomvi wangu ni kuliteremsha gari mchangani. Mimi nasema liishie chini ya miti, mizigo tubebe.

Mwaka jana niliteremka mwenyewe na Escudo. Nilitoa upepo matairi yote, kutoka psi 32 hadi 18, gari likapita mchangani kama liko lami. Tulifika saa nne usiku, maji yamekupwa mbali, mwezi mpevu, nani akumbuke bamvu, yale maji yanayojaa kupita kawaida? Saa kumi na nusu alfajiri nasikia povu linacheza kwenye rimu. Tairi za nyuma zimezama. Natia jeki, jeki nayo inazama, maana sikubeba hata kipande cha ubao cha kuiwekea chini. Wavuvi sita ndio walioninasua. Chasisi niliisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku mbili, na kutu imeingia vilevile.

— Kaka, hapo kosa ni hesabu ya mwezi, mchanga unausingizia. Nenda siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, beba koleo, mbao mbili, kamba, na pampu ya kurudishia upepo kabla hujagusa lami. Mimi miaka yote sijakwama. Halafu hoteli zimejengwa mpaka mdomoni mwa bahari watu kimya, mimi mwenyeji nikiegesha usiku mmoja ndiyo mharibifu?

— Wanangu, mie nalima mwani huku Micheweni. Huo mchanga mnaouona mtupu ndio kianikio chetu. Gari lilinipitia juu ya mwani wa siku mbili, nusu ukavurugika na mchanga, mnunuzi akaukataa. Aliyekuwa anaendesha alisimama akaomba radhi, kijana wa watu ana adabu. Lakini radhi haipimwi kwa kilo.

— Na kasa je? Mayai yanakaa mchangani kama miezi miwili. Vitoto vikitoka usiku vinatumbukia kwenye mfuo wa tairi, kuupanda haviwezi, na kaa wanavisubiri.

Narudi. Shekhe wa maji mafu, la hoteli umenishika, sina jibu, na lingefaa mjadala wake. Ila wewe unaujua mwezi. Anayekuja na gari la kukodi kutoka Chake Chake haujui, naye anafuata mfuo ulioacha wewe. Bi mkubwa wa Micheweni, nimekusikia. Mimi safari ijayo gari linabaki juu, na ubao wa jeki nabeba hivyohivyo, maana ile njia ya Ngezi ikinyesha ni tope tupu.

Mwenye keria ya Escudo anayeuza anitafute, yangu imeliwa na chumvi.