Naombeni ushauri: namtafuta mwanamke aliyepelekwa Tasmania kama mfungwa, 1841

Mkwe wa Hobart:
Habari zenu wanajamvi. Mimi ni wa Tanga, nimeolewa huku Hobart, kwenye kisiwa cha Tasmania, Australia, mwaka wa tisa sasa. Mama mkwe ana miaka 81 na ameniomba nimtafutie mwanamke aliyeanzisha ukoo wao hapa kisiwani. Kwao lilikuwa jambo la aibu. Wazee walifikia kuchana ukurasa wa mbele wa Biblia ya familia. Sasa anataka kumjua kabla hajafumba macho.

Nimefika hapa: alikuja na meli ya Rajah, iliyong'oa nanga Woolwich, Uingereza, Aprili 1841 na wanawake wafungwa 180, ikafika Hobart Julai. Kifungo miaka 7, kwa wizi wa shali. Ukurasa wake nimeupata bure mtandaoni, kwenye Nyaraka za Tasmania. Mwandiko umebanana mpaka unapanda pembeni. Mwaka 1842 alilala nje ya nyumba ya mwajiri aliyepangiwa kumtumikia usiku mmoja, akaadhibiwa kufua nguo gerezani. Mwaka 1843 karudishwa Cascades, lile gereza la wanawake, akiwa mjamzito. Ruhusa ya kuolewa 1847. Baada ya hapo kimya.

Nimekwama. Mtoto simwoni popote, na kuna mwanamke mwingine mwenye majina yaleyale mawili. Halafu habari ya mtoto nimwambieje mama?

Karani Mstaafu:
Dada, pole na hongera. Usitafute kwa jina tupu. Hadi 1853 walipelekwa huko wanawake zaidi ya 12,000, wakati kisiwa kikiitwa Van Diemen's Land, na akina Mary na Ann hawahesabiki. Makarani wenyewe walichanganyikiwa, ndiyo maana kila hati waliandika jina na meli iliyomleta. Kwako wewe Rajah ndiyo jina lake la ukoo. Huyo mwingine akiwa wa meli nyingine, mwache. Daftari la ruhusa za ndoa nalo linataja meli ya bwana, kama naye alikuwa mfungwa; kwa hiyo mfuate yeye, mke utamkuta pembeni.

Kama alihukumiwa London, kesi za Old Bailey, mahakama ya jinai ya huko, zipo mtandaoni. Unaweza kumkuta mwenye shali akitoa ushahidi.

Nyanya wa Kilifi:
Mwanangu, niseme juu ya mtoto. Pale Cascades mama alinyonyesha, na akishamwachisha ziwa alitumikia miezi 6 ya adhabu kwa sababu ya ile mimba. Mtoto akifika miaka miwili, mitatu, anapelekwa nyumba ya yatima New Town, na mama yake yu hai! Nikilifikiria hilo nashindwa kulala.

Anza na vifo, uwe umejipa moyo, kwa sababu wachanga wengi walifia mle. Usajili wa vizazi na vifo ulikuwa umeshaanza tangu mwisho wa 1838. Usipomwona, nenda daftari la New Town. Tafuta kwa ukoo wa mama, usitafute wa baba.

Mpenda Historia:
Mama mkwe mwambie yote. Ukurasa ule uliandikwa na waliomfunga, hawakuandika ila makosa. Usiku mmoja aliolala nje wewe unauona kosa, mimi naona binti aliyekuwa na pa kwenda. Tena mwambie kuhusu mfarishi: wanawake wa Rajah walishona njiani mfarishi mkubwa wa viraka, vipande zaidi ya 2,000, na upo mpaka leo kwenye jumba la sanaa la taifa huko Canberra. Huenda mkono wake umo.

Mkwe wa Hobart:
Nimerudi, na shukrani kwenu nyote, hasa Nyanya. Kwenye vifo hakuwemo. New Town yumo: mvulana, kapokelewa 1846 akiwa na miaka 3, ukoo ni wa mama, na Rajah imeandikwa pembeni. Safu ya mwisho inasema 1848 amekabidhiwa kwa mama yake.

Kifungo kimeisha, kaolewa, akaenda kumchukua mwanawe.

Jana jioni nimemsomea mama mkwe mezani. Akavua miwani, akaniambia nirudie huo mstari wa mwisho. Nimeurudia mara tatu. Mfarishi tutakwenda kuuona mwakani, Mungu akitujalia.