Nimehama MySQL kwenda PostgreSQL: risiti inagoma, na wateja "wamepotea"

mtu_wa_vipuri:
Wadau, naomba msaada wa haraka. Duka letu la vipuri liko Kirinyaga Road, Nairobi, na tumetumia MySQL (programu ya kuhifadhi data) tangu 2016. Jumamosi usiku nilihamishia kila kitu PostgreSQL, programu nyingine ya aina hiyo: nikaondoa alama za `, AUTO_INCREMENT (namba ya kujiongeza) nikaandika GENERATED BY DEFAULT AS IDENTITY, IFNULL (thamani mbadala pakiwa patupu) ikawa COALESCE. Rekodi 38,214 za mauzo ziliingia zote. Nilihesabu mara mbili.

Leo asubuhi mteja wa kwanza kaja kuchukua plagi 4 za Probox. Risiti ikakataa: id (namba ya rekodi) 1 tayari ipo. Nikabonyeza tena, ikasema 2 ipo. Tena, 3. Na dada wa kaunta akitafuta "kamau" hapati hata mmoja, ilhali tunao kina Kamau tele. Sasa hivi tunaandika risiti kwa mkono na foleni imefika mlangoni.

fundi_data:
Pole sana. Hizo namba zinazopanda ndizo zinazoonyesha ugonjwa. Rekodi ziliingia na id zake, na PostgreSQL haisogezi kihesabu (kinachotoa id inayofuata) kwa sababu hiyo kama MySQL inavyofanya. Kihesabu kilianzia 1, na kila jaribio linalogoma linakula namba moja. Endesha hii:

`SELECT setval(pg_get_serial_sequence('mauzo','id'), (SELECT MAX(id) FROM mauzo));`

Rudia kwa kila jedwali lenye id ya kujiongeza.

mama_seva:
Kuhusu Kamau: kwa kawaida MySQL haibagui herufi kubwa na ndogo, PostgreSQL inabagua. Penye LIKE (tafuta kwa kufanana) weka ILIKE, isiyobagua; penye = linganisha lower(jina), yaani jina kwa herufi ndogo, na neno la herufi ndogo.

Lakini kaka, kauli (amri ya SQL) inayogoma isikutie hofu, maana inajitangaza. Tafuta zile zinazokubali pande zote mbili na kutoa majibu tofauti. 7 / 2 kwenye MySQL ni 3.5, kwenye PostgreSQL, namba nzima kwa namba nzima, ni 3. Pitia kila mahali ulipogawanya, hasa kwenye pesa.

mtu_wa_vipuri:
Risiti zinatoka, na kina Kamau wameonekana. Asanteni sana.

Mama, nimefungua hesabu ya punguzo la mafundi sasa hivi: `bei * (punguzo / 100)`, na punguzo ni INT (namba nzima). 5 / 100 inatoa 0. Fundi angelipa bei nzima na risiti ingetoka safi kabisa. Nimeweka 100.0 ili itoe desimali, na sasa napitia ripoti ya faida mstari kwa mstari.