Mjadala: Aljebra kwa mzinga wa nyuki, mwanafunzi akiwa nyumbani. Ni hisabati au useremala?

Mleta mada, Tabora mjini

Mwangaluka wana Tabora, na majirani wa Kigoma karibuni. Naomba tulichambue hili bila matusi.

Shule zilipofungwa Machi 17, 2020 nilikuwa nafundisha hisabati kidato cha pili. Mpaka zinafunguliwa Juni 29 nilikuwa nimetuma maswali ya aljebra kwenye grupu la wazazi hadi simu ikajaa. Majibu yakarudi miandiko tofauti, makosa yale yale. Tangu hapo, kila likizo namwambia mwanafunzi atengeneze mzinga wa kisasa, kwa mbao au hata kadibodi, anitumie vipimo na hesabu zake. Mwenzangu ofisini kaniambia nimegeuka fundi. Na sasa mkondo wa amali, yaani sekondari ya mafunzo ya ufundi, umeanza tangu 2024, kwa hiyo swali si langu peke yangu tena.

Niwape kisa kimoja. Papi za juu, zile nyuki wanazoning'iniza masega, kwa nyuki wetu zina upana wa mm 32. Kila papi sega moja. Ukizidisha upana, wanaunganisha masega na hutanyanyua moja bila kubomoa la jirani. (Nyuki wa Ulaya ni wakubwa kidogo, papi zao hufika 35.) Binti mmoja alitaka papi 28. Akazidisha, akapata 896, akakata boksi la 900 kwa nje akijua zimebaki 4 za akiba. Kasahau mbao mbili za mwisho, zinazoziba ncha za boksi, kila moja unene mm 25. Ndani zikabaki 850. Zikaingia papi 26 na pengo la mm 18, nyuki wanapita kama getini.

Alinipigia analia. Nikamwambia andika kilichokupata. Akaandika 32n + 50 = 900, n ikatoka 26 na ushee. Akaniuliza, "Mwalimu, huu ushee naupeleka wapi?" Mlinganyo wa aina hiyo nimeuandika ubaoni mara ngapi sijui, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Baba Watatu, Urambo

Mwalimu, heshima yako. Lakini simu ya nyumbani kwangu ni moja, narudi nayo saa mbili usiku, bando lenyewe la kuungaunga. Mbao nani ananunua? Na likizo ya Desemba huku ni kupandikiza tumbaku, sio kupima papi. Mtoto wa mjini atamaliza mzinga wake, wangu ataonekana mjinga.

Mwalimu mwenzio, Kasulu

Naunga mkono mzee hapo juu, na naongeza. Mtihani wa taifa hauulizi mzinga, na unauliza kwa Kiingereza. Hisabati ndiyo inashika mkia kila mwaka, halafu wiki tatu za likizo tunazimaliza kwenye mlinganyo mmoja mwepesi? Nionyeshe mzinga wenye x kipeo cha pili, nitanyamaza.

Dada wa Ujiji

Kaka yangu wa Kasulu, mzinga sina, trei ya mikate ninayo. Bati la sm 60 kwa 60, unakata miraba ya x kwenye pembe nne, unakunja, kitako kiwe na eneo la sm² 1600. Yaani (60 − 2x)² = 1600. Vijana wangu walipata 10 na 50, wakapeleka zote mbili kwa fundi bati. Alicheka mpaka akaweka mkasi chini: kata 50 kila pembe kwenye bati la 60! Tangu siku ile hawajibu tena bila kukagua kama jibu linakatika. Ila kwenye Kiingereza nakubaliana nawe, hapo tunaumia.

Fundi, Kiloleni

Mimi natengeneza mizinga na sijawahi kuandika n. Napanga papi chini, nabana kwa mbao mbili za mwisho, napiga alama, nakata. Pengo halitokei. Sasa mwalimu, mtoto akifuata njia yangu mzinga utatoka mzuri na aljebra hajaigusa. Hiyo utaisahihishaje?

Mleta mada

Fundi, umenishika pabaya. Ni kweli, na wapo waliofanya hivyo hivyo. Ndiyo sababu likizo iliyopita niliwaunganisha wawili wawili, mmoja yuko Sikonge ana mbao, mwingine yuko kijijini Urambo ana kadibodi ya mm 4. (Baba Watatu, kadibodi ya boksi la sabuni hainunuliwi. La simu sina jibu.) Wa Sikonge akatuma sauti: "Zidisha papi kwa 32, ongeza 50." Mwenzie akataka papi 20, akakata 690. Ndani akabaki na 682, papi ya 21 ikaingia na bado mm 10 zinacheza. Wakalaumiana siku mbili kwa sauti. Ya tatu nikapata ujumbe: 32n + 2t, "t ni unene wa ubao, kila mtu apime kwake". Wangekuwa meza moja wangepanga papi chini kama wewe na yakaisha. Kwa vile hawaonani, ilibidi waandike herufi.

Kwa hiyo sisemi kila mzinga ni aljebra. Nasema mzinga unaotumwa kwa maneno kwa mtu usiyemuona, huo ndio.

Mwalimu mwenzio, Kasulu

Trei ya dada nimeielewa, naichukua. Wiki tatu bado nagoma. Nipe wiki moja, mbili zibaki za maswali ya mitihani iliyopita.

Fundi, Kiloleni

Mwambieni huyo wa Sikonge apime unene baada ya kupiga randa. Ubao wa inchi moja wa dukani ukishalambwa na randa haubaki 25.