Tupeane uzoefu: waya za meno zilikuchukua muda gani?

Mama Shamim, Jinja
Salaam kwenu nyote. Binti yangu ana miaka 13, meno ya juu yamepandana na chonge limeotea juu kwenye ufizi. Tulimpeleka Kampala, akapigwa eksirei, wakachukua umbo la meno yake, daktari akasema mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Amepangiwa kuwekwa waya siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, naye yuko bweni. Waliopitia, nielezeni: maumivu yakoje, anakula nini, na hiyo miaka miwili huwa kweli ni miwili?

Kijana wa Nakawa
Mimi nilivaa miezi 22, mama. Kuwekwa kwenyewe hakuumi, hata sindano sikuchomwa. Wanasafisha jino, wanabandika vidude kwa gundi, wanapitisha waya. Maumivu yalianza jioni. Siku ya pili na ya tatu sikuweza kutafuna hata rolex, ile chapati ya kukunjia mayai. Niliishi kwa uji, supu na matoke yaliyopondwa. Kufikia siku ya sita nilikuwa nakula kawaida, ila mashavu yalichubuka ndani mpaka yakazoea. Omba nta ya kutosha, abandike pale panapochoma. Kila ukienda kukazwa, meno yanauma tena siku mbili hivi, si kama mara ya kwanza.

Nilimuuliza daktari kwa nini wasikaze sana tumalize mapema. Akaniambia jino haliendi mpaka mfupa ulio mbele yake uyeyuke kidogo, na nyuma yake ujengeke mfupa mpya. Ni kama milimita moja kwa mwezi. Ukilazimisha, mzizi wa jino unaweza kulika. Tangu siku hiyo sikumharakisha tena.

Wa Arua
Niliambiwa miezi 18, nikamaliza 31. Nasema ukweli ili mtoto wa mwenzangu asipitie hayo. Kutoka Arua hadi Kampala ni usiku mzima kwenye basi, na nauli ikikosekana nilikuwa naruka miadi. Nilidhani waya zikishakaa mdomoni zinaendelea kuvuta zenyewe. Kumbe zikifika mwisho wa nguvu yake, meno yanasimama. Halafu nikapewa zile raba ndogo za kuvuta taya, nivae usiku na mchana, nivue wakati wa kula tu. Nikawa navaa usiku peke yake. Miezi minne, hakuna kilichosogea. Muwa nao ulining'olea vidude viwili.

Baba wa mapacha, Entebbe
Kuhusu bweni: andika barua kwa mwalimu mkuu mapema, na zungumza na matroni uso kwa uso. Miadi ya mwanangu ilikuwa kila wiki sita, kwa hiyo kila muhula alihitaji ruhusa ya kutoka angalau mara moja. Maharage ya shule yana vijiwe, ale polepole. Gonja, zile ndizi za kuchoma, na mahindi ya kuchoma asubiri. Na mswaki, mama! Apige baada ya kila mlo, apitishe na kale kaburashi kadogo chini ya waya. Rafiki yake mmoja alivuliwa waya meno yamenyooka, lakini kila jino lina doa jeupe pale uchafu ulipokaa. Hayo madoa hayatoki kwa mswaki.

Dada wa Masaka
Yangu ni tofauti kidogo. Nikiwa mchanga nilipata homa na kuharisha, nikapelekwa kwa mtu akaning'oa ebiino, yale wanayoyaita meno ya uongo. Hayakuwa ya uongo. Zilikuwa chonge zangu ambazo hazijaota. Chonge moja ya chini ya utotoni haikuota, na ya ukubwani chini yake ilitoka imeharibika umbo. Nilipoanza waya nikiwa na miaka 27, mpango wote ulibidi kuzunguka jino hilo. Nimo mwaka wa tatu sasa. Nawaomba akina mama mnaosoma: mtoto akiharisha, mpeni maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS) na mumpeleke kituo cha afya. Msimruhusu mtu kuchokoa ufizi wake.

Wa Ntinda
Ulizeni tangu sasa bei ya riteina, kile kifaa cha kushikilia meno yasirudi baada ya waya kutolewa. Mimi niliacha kuivaa baada ya miezi mitatu na meno ya chini yamerudi kupandana.

Mama Shamim, Jinja
Mungu awabariki. Nimempigia daktari leo, amekubali kusogeza siku: atawekwa wiki ya kwanza ya likizo, ili zile siku za maumivu zimkute nyumbani kwangu. Barua ya shule naiandika usiku huu. Dada wa Masaka, pole sana, nimemsomea mama mkwe maneno yako.