Ngazi inaserereka kwenye marumaru, nifanyeje?

fundi_rangi: Wakuu, shikamooni. Napaka rangi korido ya ghorofa huku Temeke. Jana ngazi ya aluminiamu ikaanza kuserereka nikiwa juu. Nikadaka nondo za dirisha, kopo la lita 4 likamwagika lote. Bosi anasema saidia fundi aikanyage tu chini. Inatosha?

mzee_wa_umeme: Marahaba, pole mdogo wangu. Kukanyagiwa kunasaidia, ila huyo kijana akipigiwa simu je? Angalia raba za miguu ya ngazi kwanza. Halafu mlalo: ukienda juu mita 4, mguu utoke ukutani mita 1. Kupima ni rahisi. Simama vidole vya miguu vikigusa ngazi, nyoosha mikono mbele. Viganja vikifika kwenye kipago bila kuinama, umepatia. Na aluminiamu usiisogeze karibu na nyaya. Mie natumia ya faibaglasi, haipitishi umeme.

dada_wa_ghala: Sisi tunaifunga kamba juu. Kopo tunalining'iniza kwa ndoano, maana mikono miwili na mguu, au miguu miwili na mkono, lazima vishike ngazi muda wote. Tena usijinyooshe pembeni kufikia kona, shuka uihamishe. Najua inachosha.

fundi_rangi: Asanteni. Nimeangalia, raba moja haipo kabisa. Nilikuwa nimefungia kipande cha ndara.

mzee_wa_umeme: Ndara!! Kesho anzia duka la vifaa, rangi baadaye.