Gereji hapa Chake wameshusha giaboksi ya IST yangu, kumbe ubovu ni swichi ya breki!

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuzificha, maana huu mchezo wa mafundi kula pesa za watu umezidi na kila mtu kanyamaza.

Gari yangu ni Toyota IST, zile za mwanzo, ya otomatiki. Asubuhi naiwasha, injini inaunguruma vizuri, nakanyaga breki, mkono wa gia hautoki kwenye P, ile ya kuegesha inayofunga magurudumu. Umeganda. Nikawapigia gereji ninayowapelekea siku zote. Mkubwa wao akaja, akautikisatikisa ule mkono, hata boneti hakufungua, akasema, "Giaboksi hiyo imekufa, bwana. Tuagizie nyingine Dar." Wakaifunga kamba wakaiburura kwa lori. Gari iko kwenye P, magurudumu ya mbele yamefunga, na wao wanaburura! Lami imebaki mistari miwili myeusi, na tairi mbili za mbele zimelika sehemu moja mpaka nyuzi zinachungulia.

Wakashusha giaboksi, wakamwaga oili yote. Nikaambiwa nitoe 1,200,000 giaboksi ya mtumba ipande meli, ufundi mbali.

Sasa sikilizeni. Giaboksi iko chini sakafuni, kebo ya gia imefunguliwa, haishiki kitu chochote. Na mkono wa gia ndani ya gari bado umeganda kwenye P! Yaani hakuna hata mmoja kati yao aliyejiuliza: kama giaboksi ndiyo mbovu, mbona nimeitoa na mkono bado hautoki?

Aliyejiuliza ni kijana mmoja fundi waya, shemeji yangu, niliyemwita aje anitazamie tu. Suali lake la kwanza: "Taa za breki zinawaka?" Wote kimya. Akarudisha betri, akafungua swichi ya ufunguo, akakanyaga breki, nyuma kiza. Akatazama fyuzi iliyoandikwa STOP, nzima. Akajipenyeza chini ya usukani, juu ya pedeli ya breki, akachomoa plagi ya swichi ndogo iliyopo pale, akaziunga zile waya mbili kwa kipande cha waya. Taa nyekundu zikawaka kote kote, na pale kwenye mkono wa gia tukasikia "tik". Akauvuta mkono, ukashuka mpaka D, gia ya kwendea mbele, laini kabisa. Giaboksi iko sakafuni inatutazama.

Mkono wa gia za otomatiki una komeo la umeme. Ukikanyaga breki, ile swichi inawasha taa za nyuma na papo hapo inapeleka habari kwenye komeo lifunguke. Limewekwa makusudi ili mtoto au mtu asiyekanyaga breki asiweze kuitoa gari P ikamvamia mtu. Marekani ni lazima kisheria kwa magari yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 2010, na Wajapani walikuwa wanaliweka miaka mingi kabla ya hapo. Si kitu cha siri. Mtu anayejiita fundi wa otomatiki anatakiwa akijue kabla hajashika spana. Mlango umetiwa komeo, wao wanabomoa nyumba!

Mkono kukataa kutoka P na gari kukataa kuondoka ni maradhi mawili mbalimbali. Mkono ukitoka, ukaweka D na gari haisogei, hapo ndipo tuzungumze oili, kebo na giaboksi. Mkono usipotoka, kwanza mtu aangalie taa za breki. Huna wa kukuangalizia? Subiri magharibi, gari ikiwa imeupa ukuta mgongo, ukanyage uone kama ukuta unapiga wekundu. Taa zikiwaka na "tik" husikii, basi tazama komeo lenyewe au waya zake.

Na hata hiyo lori haikuhitajika. Pembeni ya mkono wa gia kuna kijifuniko kidogo cha plastiki, gari nyingi pameandikwa SHIFT LOCK. Vuta hendibreki, bandua kifuniko, bonyeza ndani kwa ncha ya ufunguo huku umekanyaga breki, mkono unakwenda N, gia huru, na gari inasukumika kwa mikono. Lakini msiende nayo safari, haina taa za breki, na kwenye vilima vya njia ya Mkoani bodaboda atakuingia nyuma.

Si mie peke yangu. Jirani yangu ana pikapu ya klachi, gia haziingii. Injini ikizimwa zinaingia zote, ikiwashwa zinakataa. Hiyo ni klachi haiachii, na pedeli yake ilikuwa inazama mpaka chini, chupa ya mafuta ya klachi tupu. Silinda ya chini ilikuwa inavuja. Wamemuuzia klachi nzima mpya, na uvujaji ule ule wameuacha.

Swichi yangu nimenunua kwa pesa ya vocha. Giaboksi wameirudisha, lakini wametia oili nyekundu kutoka dumu lisilo na maandishi, wakati gari hii inataka oili ya otomatiki ya Toyota aina ya T-IV. Na sasa wanazuia ufunguo, wanadai ufundi wa kushusha na kupandisha. "Kazi imefanyika, lazima ilipwe," ndivyo alivyonambia mkubwa wao mbele ya watu.

Silipi. Nataka ufunguo wangu, oili sahihi na tairi mbili. Nakusudia kuwafikisha Tume ya Ushindani Halali wa Biashara ya Zanzibar, inayosikiliza malalamiko ya wateja. Aliyewahi kupeleka shauri la gereji huko kutoka Pemba anambie alianzia wapi na alitakiwa karatasi gani, maana risiti hawa hawajawahi kunipa hata moja.