Tupeane uzoefu: ulishawahi kutoka kwa daktari hujasikilizwa? Ulifanyaje?

Sauti ya Binti: Wakuu habari zenu. Kuna mtu kanisimulia alivyojibiwa "kwani wewe ndo daktari?" nikakumbuka yangu yote. Ile unaingia, hujafika hata kwenye kinachouma, tayari dawa zimeshaandikwa. Mimi ilikuwa uchovu usioisha, nywele zinakatika, mwili unanenepa na sili, baridi naisikia peke yangu wenzangu wanatoka jasho. Jibu kila nikienda: "ni mawazo dada, pumzika." Mwisho nikaomba mwenyewe nipimwe homoni za tezi ya shingo, TSH na T4. TSH ilikuwa juu mno, yaani tezi inafanya kazi chini ya kiwango. Sasa natumia levothairoksini na nimerudi kuwa mtu. Haya, na nyie?

Chumvi Kidogo: "Ni mawazo" ndo ugonjwa wetu sote aisee.

Mama Wawili: Umenigusa mwanangu. Mimi ni kikohozi. Niligundulika na presha nikaanzishiwa enalaprili, presha ikatulia vizuri tu, ila baadaye kikaja kikohozi kikavu, hakina makohozi, koo linakereketa, usiku ndo balaa. Nikarudi nikapewa antibayotiki, wapi, nikapewa kali zaidi, wapi. Nikapimwa TB hamna, eksirei ya kifua safi, nikaambiwa ni asidi inapanda, nikapewa dawa ya asidi, halafu ikawa aleji, dawa za aleji nazo zikawa zinanilaza kazini mchana kweupe. Kati ya wote hao hakuna aliyeniuliza mama unatumia dawa gani nyingine. Hakuna! Na imeandikwa kwenye faili walilolishika mkononi. Siku iliyoniuma kuliko zote nilikuwa kwenye basi, kikanishika, nakohoa mpaka machozi, mpaka mkojo unanitoka, na dada aliyekaa pembeni akambeba mtoto wake akahamia siti za nyuma. Nililia njia nzima. Kufika nyumbani nikatoa ile karatasi inayokunjwa ndani ya boksi la dawa nikaisoma yote, na kikohozi kikavu kipo pale pale kwenye madhara. Nikarudi nayo. Safari hii nikamkuta daktari mwingine, binti mdogo, akaniuliza, akasikiliza mpaka mwisho, akasema pole mama, akanibadilishia losartani. Haikupita wiki nyingi kikaisha chenyewe.

Jembe Kali: Ndo maana mi dawa zao nilitupa zote. Presha ni mazoezi na maji mengi, basi.

Nesi wa Zamu: Kaka usipotoshe watu. Presha haina kelele, unajiona mzima huku mishipa inaharibika, unashtuka na kiharusi. Mama hakutupa dawa, amebadilishiwa, na amebadilishiwa na daktari. Na tuseme ukweli, foleni iko mpaka nje ya mlango, huyo daktari hajanywa hata maji.

Jembe Kali: Foleni sio kosa la mgonjwa.

Chumvi Kidogo: Hapo Jembe kasema kweli. Ila dawa kazirudie kaka.

Mrija Mmoja: Nilikuwa sitaki kuandika. Mimi tumbo liliuma chini upande mmoja, na matone ya damu. Nikamwambia daktari siku zangu zimechelewa, nimesema kwa mdomo wangu. Akajibu UTI, dawa hizi hapa. Mimba hawakunipima. Usiku bega likaanza kuuma, BEGA, nikadhani nimelilalia vibaya, nikanyanyuka niende chooni giza likanijia. Nitaendelea, mikono inatetemeka.

Mama Wawili: Pole mwanangu. Endelea ukitulia.

Chumvi Kidogo: Tunasubiri dada. Bega na tumbo wapi na wapi lakini?

Nesi wa Zamu: Damu ikimwagika tumboni inakera ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, maumivu yanasikika begani. Dada, mimba ilitunga nje ya kizazi?

Mrija Mmoja: Ndiyo. Mrija wa uzazi ulishapasuka. Mume wangu alinikuta sakafuni. Hospitali nyingine tuliyokimbilia, nesi wa mapokezi aliniona tu akauliza siku zako mara ya mwisho lini. Swali hilo tu. Nikapasuliwa usiku ule ule, nikaongezwa damu. Kwa hiyo mtu asiniambie niwe mpole mbele ya daktari. Mwanamke ukiwa na umri wa kuzaa, tumbo linauma na siku zimechelewa, usitoke hapo bila kipimo cha mimba. Gomea kwenye kiti.

Sauti ya Binti: Dada nimesoma na kulia. Asante kwa kusema.

Mzee wa Daftari: Poleni wanangu. Mimi nina daftari la afya. Presha napima nyumbani, nakaa kimya dakika 5, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, naandika. Majibu ya maabara naomba nakala. Daktari akiona namba hawezi kuniambia ni uzee.

Jembe Kali: Shikamoo mzee. Ila ukiwaambia umesoma mtandaoni wananuna, bora ukae kimya ujifanye hujui.

Mama Wawili: Aka! Sema. Mimi ningekaa kimya ningekuwa nakohoa mpaka leo. Na nenda na mtu, ukiwa na shahidi wanakaa vizuri.

Nesi wa Zamu: Anza na linalokuumiza zaidi, usilitunze hadi umeshika mlango. Taja dawa ZOTE, hata za miti shamba. Sauti ya Binti, hiyo dawa ya tezi unameza tumbo tupu? Vidonge vya chuma au kalisiamu viache vipishane nayo kwa muda wa saa 4.

Sauti ya Binti: Heee, chuma nameza nayo pamoja kila asubuhi, na hakuna aliyeniambia! Kesho naanza kupishanisha.

Tembea Nami: Samahani naingilia. Nina sukari, metfomini natumia miaka, miguu inakufa ganzi, naambiwa ni sukari tu vumilia. Kuna cha kuomba?

Nesi wa Zamu: Omba kipimo cha vitamini B12. Metfomini ya muda mrefu inaweza kuishusha, na upungufu wake unaleta ganzi kama ya sukari. Inaweza ikawa sukari kweli, ila wapime kwanza. Dawa usiache.